Sura ya Sita: Riba ya Mlango A

Inspekta Oiva Lampinen alikuwa ameshaandika barua ya kumfikisha Sylvi Vanhatalo kwa mwendesha mashtaka, kilichobaki ni sahihi tu. Mtu mwingine angetia sahihi akaenda zake kula. Lakini Lampinen alikuwa na ugonjwa mmoja uliowachosha wenzake kituoni: hakuweza kufunga jalada ambalo mshukiwa mwenyewe ana haraka ya kulifunga kuliko polisi.

Na Sylvi alikuwa na haraka. Mjane huyo wa miaka sitini na minane alikuwa mweka hazina wa Pihlajarivi, safu ya nyumba sita zilizoshikana ukuta kwa ukuta pembezoni mwa mji wa Kajaani. Wenye nyumba walikopa benki kwa pamoja ili kubadilisha paa na mabomba. Kila mwezi kila mlango ulitoa fungu lake, na Sylvi ndiye aliyepiga hesabu ya fungu hilo na kumpelekea kila mmoja karatasi yake. Sasa akaunti ya nyumba ilikuwa na pengo la yuro elfu sita na ushei. Mara mbili Lampinen alimuuliza pesa ziko wapi, na mara zote mbili alipewa jibu lile lile.

"Nitalipa. Nitauza nyumba nilipe. Andika hivyo, uwaache watu wapumzike."

Hakusema ameiba. Hakusema hajaiba vilevile.

Jalada lilitakiwa Ijumaa. Jumatano asubuhi, theluji nyepesi ya Novemba ikianguka na kuyeyuka hapo hapo, Lampinen aliegesha gari kando ya masanduku sita ya barua yaliyosimama barabarani, akala mkate wake wa jibini peke yake kwenye usukani, kisha akashuka.

Wiki nzima alikuwa amefuata pesa zilizotoka. Sylvi alikuwa na mazoea ya kuchukua pesa taslimu benki bila kuandika za nini, na hapo ndipo kila mtu alipokuwa amenyoosha kidole. Lampinen akamtafuta muuza kuni za sauna. Alilipwa. Akamtafuta mwenye trekta la kusafisha theluji. Alilipwa, tena akapewa na soksi za sufu juu. Hadi jana jioni, kila yuro iliyotoka kwenye akaunti ile ilikuwa imepatikana ilikokwenda, na pengo lilikuwa pale pale. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza habari ya pesa zilizoingia.

Taarifa za benki alikuwa nazo tangu mwanzo. Wengine walilipa nyingi, wengine kidogo, na yeye aliona ni jambo la kawaida: mwenye akiba hupunguza sehemu yake ya deni mapema, na rejesho lake hushuka. Alikuwa amedhani hivyo. Hakuwa ameuliza.

Njia ya kwenda milangoni ilipita mbele ya sauna ya pamoja. Juu ya mlango wake kulikuwa na kibao cha shaba: *Urho Vanhatalo aliijenga, sisi tunaota joto.* Chini yake ilibandikwa orodha ya zamu. Alhamisi jioni ilikuwa na majina ya wanawake wengine wote. Jumamosi jioni ilikuwa na jina moja, la Sylvi. Lampinen aliisoma mara mbili, akaendelea na safari yake.

Alianzia mlango D, kwa Aune Riihelä, mwenyekiti wa nyumba na ndiye aliyepeleka malalamiko polisi mwezi wa nane.

"Umekuja kumchukua?" Aune aliuliza kabla mlango haujafunguka wote.

"Nimekuja kuomba kahawa."

Kahawa aliwekewa, na mkate mtamu wa iliki, maana hata adui hutoki kwake mdomo mkavu. Aune aliketi mbele yake, mikono imekunjwa kifuani.

"Jiwe la kaburi la Urho umeliona?" alisema. "Jeusi, linang'aa, maandishi ya dhahabu. Aliliweka mwaka ule ule pesa zilipoanza kupungua. Mimi si polisi, inspekta, lakini kujumlisha najua."

"Jiwe lililipwa na bima ya Urho. Risiti ninayo."

Aune alikunjua mikono. Ilionekana alikuwa amelitegemea sana jiwe lile.

"Haya, bima," alisema. "Lakini nikuambie kitu. Urho ameshika hesabu zetu miaka nenda miaka rudi, haikupotea hata senti. Mtu wa watu. Sauna ile ameijenga kwa mikono yake. Kafa, mkewe kashika kompyuta, na mwaka uliofuata tu mambo yakawa haya. Sasa mimi niseme nini?"

"Niambie kama uliwahi kulipa benki sehemu ya deni lako mapema."

"Kwa pesa zipi? Mimi ni mstaafu wa posta."

Lampinen aliacha kutafuna. "Hujawahi kabisa?"

"Kabisa."

"Na jirani yako wa C? Na E?"

"Nitajuaje mimi? Hapa hatuulizani mambo ya pesa. Kila mtu anapata karatasi yake kwenye sanduku, anailipa, basi."

"Wewe unalipa kiasi gani kwa mwezi?"

Aune alimtazama kana kwamba ameulizwa uzito wake. "Mia mbili thelathini na tisa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, ingawa nyumbani mwake hakukuwa na mtu mwingine. "Na sijachelewa hata mwezi mmoja."

"Miaka miwili iliyopita ulikuwa unalipa ngapi?"

"Hiyo hiyo. Haijapanda." Alijinyoosha kidogo. "Sisi tulipata mkopo mzuri."

Lampinen alimaliza kahawa yake, akashukuru, akatoka.

Kwenye mlango F aliishi Taisto, dereva wa malori mstaafu mwenye mbwa kiziwi. Taisto ndiye aliyekuwa mkaguzi wa hesabu za nyumba, cheo alichopewa mkutanoni kwa sababu siku hiyo alichelewa kufika.

"Nilikagua," alisema akiwa bado amesimama mlangoni. "Usije ukaniambia sikukagua. Nilichukua karatasi ya Sylvi, nikachukua ya benki. Amesema Taisto atalipa mia mbili thelathini na tisa, Taisto amelipa mia mbili thelathini na tisa. Nikatia alama. Mlango kwa mlango, mwezi kwa mwezi. Vyote vimelingana."

"Na karatasi yenyewe ya Sylvi, ulikagua alivyoipata?"

"Ile ya kompyuta?" Taisto alicheka. "Bwana wee, mimi nimeendesha lori miaka arobaini. Kompyuta ikisema ndiyo, mimi ni nani niseme hapana?"

"Uliwahi kulipa sehemu ya deni lako mapema?"

"Ningekuwa na pesa hizo, huyu mbwa angekuwa na kifaa cha masikio."

Wa C na wa E walimjibu mlangoni, mguu mmoja ndani, bila kumkaribisha. Wa B, muuguzi, alimjibu kwa simu kutoka kazini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelipa mapema. Nyumba zote zilikuwa za ukubwa mmoja, na deni lilikuwa limegawanywa mafungu sita sawa.

Lampinen alisimama chini ya upenu wa sauna, akaandika nyuma ya bahasha herufi sita za milango, na mbele ya kila herufi kiasi anachotoa mwenye nyumba. C, D, E na F walilipa mia mbili thelathini na tisa. B, mia mbili themanini na nane. A, mia tatu kumi na sita.

Nyumba moja, deni moja, malipo matatu. Na hawa watu walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta, wakisikiana kikohozi, bila mmoja kumuuliza mwenzake hata siku moja.

Alitazama tena ile herufi ya kwanza. Mlango A ulikuwa wa Sylvi mwenyewe. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wezi wa kila aina, wajanja na wapumbavu, lakini bado hajakutana na mwizi anayejitoza yeye zaidi ya wale anaowaibia. Aliirudisha bahasha mfukoni, akaenda kugonga.

Sylvi alifungua akiwa amevaa aproni. Hakushangaa. Jikoni palikuwa na vikombe viwili juu ya meza, kimoja kina ufa mdogo ukingoni, na hapakuwa na mgeni. Alipoona Lampinen anavitazama alikitoa kile chenye ufa haraka, kisha akasita, akakirudisha na kukimiminia kahawa.

"Mkono umezoea," alisema. "Kunywa wewe, basi."

"Barua umeshaituma?" aliuliza baadaye kidogo.

"Bado. Nataka kuona kompyuta."

"Si mlichukua kila kitu?"

"Tulichukua karatasi. Sikuangalia zinavyozaliwa."

Kompyuta ilikuwa sebuleni, kwenye meza ndogo iliyotazama ukuta. Lampinen aliketi. Kwenye fremu ya skrini, upande wa kushoto, kulikuwa na alama nne za gundi zilizokauka, zikifanya umbo la mstatili. Hapo palikuwa pamebandikwa kitu kwa miaka mingi, kikabanduliwa hivi karibuni, maana kuzunguka mstatili palikuwa na vumbi na ndani yake palikuwa safi. Alilifungua lile jedwali la mkopo.

Lilikuwa jedwali la mtu mpenda utaratibu. Upande mmoja ilishuka milango, A hadi F, kila mlango na deni lake na miezi iliyobaki. Upande wa pili zilishuka riba, mpya juu, za zamani chini yake, mwaka baada ya mwaka, hakuna iliyofutwa. Mwaka huu asilimia tano. Mwaka jana tatu nukta sita. Chini yake moja, moja, moja, moja, miaka ile ambayo riba zilikuwa zimelala na benki ikang'ang'ania asilimia yake moja basi.

Lampinen aligusa kisanduku cha malipo ya mlango A mara mbili. Kompyuta ilizungushia fremu za rangi vile vitu ambavyo fomula ilikuwa inavitumia: deni la A, miezi ya A, na riba ya juu kabisa. Sawasawa.

Akagusa cha mlango B. Deni la B, miezi ya B. Fremu ya riba ilikuwa imeshuka hatua moja. Ilikuwa juu ya riba ya mwaka jana.

C ilichukua riba ya mwaka juzi. D ya nyuma yake. Kila mlango aliogusa, ile fremu ilikuwa imeteremka ngazi moja zaidi, hadi Taisto wa F, ambaye benki ilimdai asilimia tano naye alikuwa akilipa kwa riba ya enzi zile ambazo mbwa wake alikuwa bado anasikia.

"Fomula iliandikwa kwenye A, ikavutwa kushuka hadi F," Lampinen alisema bila kugeuka. "Ukivuta hivyo, kila kitu kinashuka pamoja nawe. Deni lazima lishuke, kila mlango una lake. Lakini riba ni moja, ilitakiwa ibaki pale pale juu. Haikufungwa."



Alipachika alama ya dola mahali pa riba ili pasisogee, akavuta upya hadi chini. Milango sita ikaandika kitu kimoja: mia tatu kumi na sita. Akafanya hivyo hivyo kwenye jedwali la mwaka jana. Kisha akatoa walicholipa kutoka kwenye walichotakiwa kulipa, miaka yote miwili, na jumla ikatua pale pale kwenye pengo ambalo alikuwa amelitafuta kwa muuza kuni na kwa mwenye trekta.

"Pesa hazikuibwa, Sylvi. Hazikuwahi kuja."

Aligeuka. Sylvi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anafuta mikono iliyokwisha kukauka. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepewa habari.

"Ulijua," Lampinen alisema.

"Tangu mwezi wa nane. Aune aliponiita mwizi niliketi hapo hapo ulipokaa, siku tatu, nikatafuta. Nikaona."

"Na ukanyamaza. Ukaniacha nizunguke mji mzima nikimhoji muuza kuni."

"Pole."

"Hapo kwenye skrini palikuwa na nini?"

Sylvi alitazama zile alama za gundi. Alijaribu kusema hapakuwa na kitu, Lampinen aliona mdomo ukijaribu, lakini uongo haukuwa fani yake. Alikwenda kwenye msumari wa koti karibu na mlango wa nje, ambako kofia ya kiume ya manyoya ilikuwa bado imetundikwa, akatoa ndani yake karatasi ya njano iliyokunjwa.

Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa za fundi. *Riba mpya iandike juu. Rekebisha mlango A. Kisha vuta mpaka F. Usiguse kitu kingine, Sylvi, na usiogope.*

"Alijua anakufa," Sylvi alisema. "Akaibandika hapo ili nisihangaike. Nimefanya kama alivyosema, neno kwa neno."

Lampinen aliisoma tena. Makosa yalikuwa ya Urho, tangu siku ya kwanza. Yeye hayakumuumbua, kwa sababu zama zake riba zote katika safu ile zilikuwa moja tupu. Fremu iliteleza kila mwaka, na kila ilipoteleza ilikuta asilimia ile ile. Alikufa vuli, riba ikapanda Januari.

"Hii inakutoa wewe," alisema. "Kwa nini umeificha?"

"Umeona kibao pale sauna?"

"Nimekiona."

"Hawakosi kumtaja mkutanoni. Urho angefanya hivi, Urho angefanya vile. Hana kitu kingine alichobakiza hapa duniani, inspekta. Watoto hatukupata. Mimi nikiwa mwizi wataongea mwaka mmoja, nitahama, watanisahau. Urho akiwa mpumbavu watacheka kila wakiwasha moto."

"Urho hatasikia."

"Mimi nitasikia. Naishi mlango wa kwanza. Kila mtu anapita hapa."

Lampinen aliitazama ile kofia ya manyoya. Kwake yeye, mjini, kikombe kilikuwa kimoja na alikiosha mwenyewe, na hapakuwa na mtu aliyehitaji kulindwa jina. Alimwonea wivu kidogo, na akajishangaa.

"Nisikilize," alisema. "Sheria imeniuliza kama kuna mtu aliyechukua pesa. Jibu ni hakuna, na nitaliandika. Nitaandika kwamba hesabu ilinakiliwa vibaya. Sheria haikuniuliza nani alimfundisha nani kunakili." Aliikunja karatasi ya njano kwa mikunjo yake ya zamani, akamrudishia. "Hiki si kielelezo. Ni karatasi yako. Lakini majirani zako wanadaiwa, na hilo siwezi kulificha. Utawapelekea hesabu sahihi leo, na nyumba hutauza."

"Watasema nimekosea mimi."

"Watasema."

"Hiyo naiweza," Sylvi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Lampinen amjue, aliketi kwenye kiti bila kukaa ukingoni.

Walichapa karatasi sita. Lampinen alimsindikiza hadi kwenye masanduku ya barua, si kwa sababu ya sheria yoyote. Mapazia yalichezacheza kuanzia B hadi F. Sylvi alikuwa ametia karatasi tatu alipotokea Aune, koti limevaliwa juu ya nguo za nyumbani, akanyoosha mkono moja kwa moja. Sylvi akampa yake.

Aune aliisoma amesimama kwenye theluji. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu.

"Mia tatu kumi na sita?" aliuliza.

"Ndiyo. Riba ilipanda. Mlikuwa mnatozwa ya zamani."

"Na nyongeza ya nyuma."

"Benki imekubali tuigawe kidogo kidogo," Lampinen alisema. Benki ilikuwa bado haijaulizwa, lakini simu alikuwa nayo mfukoni.

Aune alimtazama Lampinen, akaitazama karatasi, na ilionekana kuna neno linalompanda kooni ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya jirani tangu ahamie pale.

"Sylvi," alisema. "Wewe ulikuwa unalipa ngapi?"

"Hiyo hiyo. Mia tatu kumi na sita."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari, ilipopanda tena."

Mtu hakuhitaji kusomea upolisi kuona Aune anavyojumlisha. Rangi ilimpanda kuanzia shingoni. Akapangusa theluji juu ya sanduku lake la barua ingawa ilikuwa inayeyuka yenyewe.

"Jumamosi huwa unawasha sauna?" aliuliza.

"Huwa nawasha."

"Mimi Alhamisi hii nina kifua. Labda nije Jumamosi."

"Njoo."

Aune aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Alikuwa ameshageuka kwenda zake, mzigo umemtoka nusu, akatafuta neno jema la kuachia. Akalipata, akalisema kwa upole kabisa.

"Na usijilaumu sana. Mambo ya kompyuta haya. Urho tu ndiye aliyeyaweza. Yeye asingekosea hivi."

Lampinen alitazama upande wa gari lake.

"Hapana," Sylvi alisema. "Urho asingekosea." Akatia karatasi ya tano kwenye sanduku la E, na ya sita kwa Taisto.